Kuhamia Linux katika steshenari: hamisha programu kabla ya kompyuta

Swali: Nina steshenari mjini Morogoro yenye kompyuta saba. Tano ni Dell OptiPlex 7020 za mtumba, zenye Core i5 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4 na Windows 10. Ya sita ni Core 2 Duo ya zamani tunayochapia barua, na ya saba ni laptopu mpya yenye Windows 11 ambayo mhasibu wangu anaitumia kwa Tally. Fundi ananiambia Windows 10 imekwisha muda wake, hivyo ama ninunue kompyuta mpya ama aniwekee Linux kwenye kompyuta zote kwa siku moja. Wafanyakazi wangu wanne hawajawahi kuitumia Linux. Je, nikubali?

Jibu: Ndugu msomaji, ningekushauri uikubali Linux, yaani mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, lakini ukatae maneno mawili katika pendekezo la fundi wako, yaani "zote" na "siku moja". Mfumo endeshi wenyewe utakusumbua kidogo sana; kitakachokusumbua ni programu moja, printa moja au waraka mmoja wa mteja utakaokataa saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu langu inahusu kazi zinazofanyika dukani kwako, na sehemu ndogo tu inahusu Linux.

Alilokuambia fundi kuhusu Windows 10 ni kweli. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo na hazitazimika, ila matundu mapya ya usalama yanayogunduliwa tangu wakati huo hayazibwi tena. Windows 11 kwa upande wake inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au cha baadaye pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na OptiPlex 7020 hazitimizi masharti hayo. Wapo mafundi wanaojua kuruka ukaguzi huo, na Windows 11 ikaingia na kufanya kazi, lakini Microsoft yenyewe inasema kompyuta za namna hiyo hazina haki ya kudai masasisho, kwa hiyo tatizo ulilotaka kuliondoa unakuwa umelihamishia tu mbele. Njia nyingine ni kulipia masasisho ya nyongeza ya Windows 10, ambayo kwa biashara bei yake ilitangazwa kuwa dola 61 za Marekani kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na bei hiyo huongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu, ambao ndio wa mwisho. Kompyuta tano ni dola 305 kwa mwaka wa kwanza pekee, na ukiifuata njia hiyo hadi mwisho, kila OptiPlex itakuwa imekula dola 427, fedha ambazo kompyuta ya mtumba ya umri huo haistahili.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza lakini linabadilisha hesabu. Masasisho hayo ya kulipia ni kwa Windows yenye leseni halali. Kama Windows zako ziliingizwa kwa flashi ya fundi na kuamshwa kwa programu ya kukwepa leseni, jambo ambalo ni la kawaida sana katika maduka yetu, basi hoja ya kwamba Linux itakuokolea gharama za leseni haikuhusu, kwa sababu hujawahi kuzilipa. Faida yako iko kwingine. Programu hizo za kukwepa leseni kwa kawaida humtaka mtu azime kinga ya virusi kabla ya kuziendesha, na tangu hapo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ndani ya kompyuta kuna nini. Steshenari hushika nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule na barua za ajira za watu wasiojuana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Hiyo ni sababu nzito ya kuhama kuliko bei.

Sababu ya pili unaiona kila siku mezani. Mteja anachomeka flashi, na badala ya mafaili yake anaona vijifaili vya "shortcut" tu. Kazi yake imefichwa, na akibofya kimojawapo, kirusi kinaingia kwenye kompyuta yako na kuisubiri flashi ya mteja anayefuata. Kirusi cha aina hiyo kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Flashi hiyohiyo ikichomekwa kwenye Linux, vijifaili hivyo havina nguvu ya kuendesha chochote, na mafaili yaliyofichwa huonekana moja kwa moja, kwa kuwa Linux haifuati alama ya ufichaji ambayo Windows huiweka kwenye flashi. Wakati mwingine utayakuta ndani ya folda isiyo na jina, kwa sababu kirusi kimeipa jina la nafasi tupu. Mfanyakazi wako anaweza kuyanakili, kuifuta flashi na kumrudishia mteja kazi yake ikiwa safi, na hiyo ni huduma ambayo watu wataisikia mtaani.

Sasa nije kwenye utaratibu. Gendarmerie ya Ufaransa, yaani jeshi la polisi la nchi hiyo, lenye makumi ya maelfu ya kompyuta, lilihama kwa hatua ambazo duka la kompyuta saba linaweza kuziiga bila kubadilisha kitu. Mwaka 2005 walibadilisha programu za ofisi na kuanza kutumia OpenOffice huku bado wakiwa kwenye Windows. Mwaka 2006 wakabadilisha kivinjari na programu ya barua pepe, wakachukua Firefox na Thunderbird. Mwaka 2008 ndipo walipoanza kuibadilisha Windows yenyewe kwa Ubuntu. Askari alipofunguliwa Ubuntu mbele yake, programu zote alizozihitaji alikuwa ameshazizoea. Wewe huhitaji miaka mitatu, lakini unahitaji mpangilio huohuo. Wiki hii weka LibreOffice, ambayo ni programu ya ofisi kama OpenOffice, pamoja na Firefox kwenye Windows 10 ulizonazo, kwani zote mbili ni za bure na zina matoleo ya Windows, kisha uwaambie wafanyakazi kwamba kazi mpya zote za kuchapa zinafanywa humo. Kila kitakachokwama kiandikwe kwenye daftari la kaunta: waraka wa nani, ulikwama wapi, na tulimalizaje. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litakuwa mshauri bora kuliko mimi.

Naweza kubashiri baadhi ya yatakayoandikwa humo. Kazi zinazofanyika ndani ya kivinjari hazitaleta shida: maombi ya mikopo ya HESLB, Ajira Portal, uhakiki wa vyeti wa RITA, usajili wa BRELA na huduma za kodi za mtandaoni, kwa kuwa Firefox ya Linux na Firefox ya Windows ni kivinjari kilekile. Kuchapa barua, CV na mitihani ya shule kuanzia mwanzo hakutaleta shida pia. Shida itakuwa kwenye nyaraka za Word ambazo mteja amezitengeneza kwingine na anataka zitoke kwenye karatasi kama zilivyo.

Hapa inafaa nieleze kwa kina, maana ndipo steshenari inapotofautiana na ofisi ya kawaida. Waraka wa Word haubebi herufi zake ndani, isipokuwa mwenyewe ameamuru hivyo. Unabeba jina la fonti tu. Kompyuta isiyo na fonti hiyo huweka nyingine, na kama upana wa herufi ni tofauti, mistari inasogea, jedwali linavuka ukurasa, na tasnifu ya kurasa 60 inakuwa ya kurasa 63 wakati yaliyomo bado yanaonyesha namba za zamani. Kwa fonti zilizozoeleka dawa ipo. Carlito ina vipimo vilevile vya Calibri, Caladea ina vipimo vya Cambria, na Liberation Serif ina vipimo vya Times New Roman, hivyo fundi akihakikisha fonti hizo zimewekwa, nyaraka nyingi zitatoka zilivyo. Ila matoleo mapya ya Microsoft Office huanza na fonti iitwayo Aptos, ambayo haina mbadala wa vipimo sawa wa kuutegemea, na waraka wa namna hiyo unaweza kuvurugika mbele ya macho ya mteja. Weka pia ONLYOFFICE, programu nyingine huria ambayo kwa maoni yangu huheshimu mpangilio wa Word vizuri zaidi ya LibreOffice, na ubandike ukutani tangazo linalowaomba wateja walete kazi zao kwa PDF. Kwa zile zitakazokataa kabisa, bakiza OptiPlex moja yenye Windows na Word ya leseni halali.

Lakini hiyo Windows moja iwe na masharti. Flashi ya mteja isichomekwe humo kamwe. Flashi inapokelewa na kompyuta ya Linux, waraka unaotakiwa unanakiliwa kwenye folda ya pamoja ya mtandao wa ndani wa duka, ambayo fundi ataitengeneza kwa Samba, programu ya kushirikisha mafaili kati ya Linux na Windows, na kompyuta ya Windows inauchukua kutoka hapo huku makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya waraka, zikiwa zimezimwa kwenye Word. Kwa kuwa ni Windows 10 isiyopata tena masasisho, iondolee intaneti na uiachie kazi moja tu ya kuchapisha. Ukitaka iendelee kuwa mtandaoni, basi hiyo ndiyo kompyuta ya kulipia masasisho ya nyongeza, au ndiyo ya kuibadilisha kwa nyingine mpya zaidi, na gharama hiyo ya moja unaweza kuimudu.

Kuhusu kazi za usanifu, sitakuficha: anayetengeneza kadi za harusi na mabango kwa Photoshop au CorelDRAW hatafurahi wiki za mwanzo. GIMP na Inkscape ni programu nzuri, na picha za pasipoti zinatoka vizuri kabisa kwenye GIMP, lakini mikono ya mbunifu imezoea njia zake, na faili za CorelDRAW hazifunguki zote sawasawa. Kama ana kazi nyingi za namna hiyo, mwache yeye awe wa mwisho kuhama au asihame. Kwa kazi zilizotengenezwa kwa Microsoft Publisher, zianzeni kuzigeuza kuwa PDF mapema hata msipohama, kwani Microsoft imetangaza kuiondoa programu hiyo Oktoba 2026.

Tally haina toleo la Linux, na kuilazimisha kupitia programu za kuigiza Windows ni kucheza na vitabu vya hesabu. Laptopu ya mhasibu ibaki na Windows 11 yake. Vivyo hivyo kwa EFD: kama mashine yako ni ile inayosimama peke yake na kutoa risiti bila kuunganishwa na kompyuta, uhamaji hauigusi hata kidogo, lakini kama ni printa ya kodi au kifaa cha kusaini ankara kilichounganishwa na kompyuta, muulize kwa maandishi muuzaji aliyeidhinishwa aliyekufungia kabla ya kugusa kompyuta hiyo, na asipokupa jibu la wazi, kompyuta hiyo isihame.

Hukunitajia printa zako, nami ningependa uzichunguze kabla ya kitu kingine chochote. Printa za wino za Epson za mfululizo wa L, ambazo zimejaa katika steshenari zetu, hufanya kazi vizuri kwenye Linux, pamoja na skana zake. Kumbuka tu kwamba ile programu ambayo mafundi huitumia kufuta hesabu ya wino wa taka printa inapogoma ni ya Windows, hivyo hiyo kompyuta moja iliyobaki itakuwa na kazi nyingine. HP nyingi zinaungwa mkono na mfumo uitwao HPLIP unaokuja na Linux nyingi. Kwa fotokopi kubwa, uliza kama inaelewa lugha ya PostScript au PCL. Za bei nafuu zaidi wakati mwingine huwa hazina hata moja. Zinazonitia wasiwasi ni leza ndogo za Canon kama LBP 2900 na LBP 6030, ambazo hutumia lugha yao wenyewe na huhitaji draiva yenye usumbufu. Printa ndogo za risiti za karatasi ya milimita 80 na visomaji vya msimbo pau havina neno, kwani kisomaji hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi tu.

Kujaribu hakuhitaji kufuta chochote. Fundi apakue Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, faili lenye ukubwa wa karibu GB 3, alihakiki kwa kulinganisha alama yake ya SHA256 na iliyotangazwa na watengenezaji, kisha aiweke kwenye flashi ya GB 8. Kompyuta ikiwashwa kwa flashi hiyo, Linux inafunguka bila kuigusa diski, nanyi mnaweza kupima printa, skana, sauti na mtandao mchana mzima. Mkizima, Windows inarudi kama ilivyokuwa. Napendekeza Mint kwa sababu menyu yake iko chini kushoto pale macho ya wafanyakazi wako yalipozoea, na kwa sababu matoleo ya mfululizo wa 22 yatapata masasisho hadi mwaka 2029. Kwa RAM ya GB 4 chagua toleo la Xfce, ambalo ni jepesi.

Hata hivyo, fedha ambazo hukuzitumia kwa kompyuta mpya, sehemu yake itumie kwa SSD ya GB 240 na RAM nyingine ya GB 4 aina ya DDR3 kwa kila OptiPlex. Diski ya kuzunguka ndiyo inayozichelewesha kompyuta hizi kuliko kitu kingine chochote, na Linux haiwezi kuiharakisha. SSD mpya inakupa pia kinga ambayo watu wengi huisahau: ile diski ya zamani yenye Windows na mafaili yote unaitoa, unaiandika jina la kompyuta yake na kuifungia kabatini kwa miezi sita. Hiyo haiondoi haja ya kunakili kazi muhimu kwenye diski ya nje na kuzifungua kadhaa kwenye kompyuta nyingine ili kuona kama kweli zipo.

Fundi anaweza kukushauri uweke mifumo yote miwili kwenye kompyuta moja ili mfanyakazi achague wakati wa kuwasha. Kwa duka, nisingekubali. Mfanyakazi mwenye haraka atachagua alichokizoea kila siku, na Linux itakaa humo kama mgeni. Lipo pia jambo dogo lenye kero kubwa: Linux huihifadhi saa ya kompyuta kwa saa za kimataifa, Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa, na kwa kuwa sisi tuko saa tatu mbele, ukitoka Linux kwenda Windows utakuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu kamili, na kila faili litakaloandikwa litabeba saa hiyo ya uongo. Inarekebishika, lakini ni nani atakumbuka?

Baada ya daftari la mwezi mmoja, anza na kompyuta moja, ile ambayo wateja hukalia wenyewe kwa intaneti. Mint ina kipindi cha mgeni, ambacho huja kikiwa kimezimwa na fundi hukiwasha kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia: mteja anaingia bila nenosiri, anajaza fomu yake, na akitoka kila alichopakua na kila nenosiri lililobaki kwenye kivinjari vinafutwa. Wiki mbili baadaye hamisha mbili za kaunta, kisha ya nne. Kila mfanyakazi awe na akaunti yake isiyo na mamlaka ya usimamizi. Nenosiri la msimamizi libaki kwako, liandikwe na kufungwa kwenye bahasha, maana nimeona maduka ambayo nenosiri hilo liliondoka na fundi. Chagua mfanyakazi mmoja, ikiwezekana kijana mwenye udadisi, ajifunze kwanza na awafundishe wenzake, ukimwongezea kitu kidogo kwenye mshahara kwa kazi hiyo.

Core 2 Duo, kusema kweli, istaafu. Linux itaifungua, lakini kurasa za leo za intaneti zitaielemea, na saa za mfanyakazi anayeisubiri zina thamani kuliko chombo chenyewe.

Mwisho ni fundi mwenyewe. Muulize ni duka gani jingine alilolihamisha, nenda ukalione, na ukiona majibu yanayumba, kumbuka kwamba Mzumbe na SUA ziko hapohapo Morogoro na zina wanafunzi wa kompyuta wanaoijua Linux na wanaotafuta kazi za mikono. Gharama ya programu ni sifuri, lakini gharama ya mtu wa kuitwa kitu kinapokwama haiwi sifuri, kwa hiyo kubalianeni kwa maandishi ni kwa muda gani atakuja na kwa malipo gani. Kabla ya kumlipa sehemu ya mwisho, kompyuta izimwe, na mfanyakazi wako, fundi akiwa amekaa pembeni bila kusema neno, aiwashe, aingie kwa akaunti yake, apokee flashi, afungue waraka wa mteja, uchapishwe kwa kila printa iliyopo, askani kitambulisho na kukituma kwa barua pepe. Akikwama mahali, malipo hayo yasubiri.